Mikono Safi Huzuia Fangasi kwa Watoto Wachanga Waliolazwa

Mtoto njiti aliyezaliwa Mkongo, wilayani Rufiji, huweza kupita katika mikono mingi kabla ya kurudi nyumbani: ya mkunga, ya muuguzi anayemsindikiza kwa rufaa, ya daktari wodini na ya mama yake. Mikono hiyo humwokoa. Isiponawiwa, humpelekea fangasi wa jamii ya hamira aitwaye kandida.

Kandida huishi kinywani, utumboni na ukeni, mara nyingi bila madhara. Utando mweupe kinywani mwa mtoto mwenye afya hutibika kwa urahisi. Kwa mtoto mwenye uzito chini ya gramu 1500 hali ni tofauti: ngozi yake ni nyembamba, kinga haijakomaa, na fangasi huweza kuingia katika damu, figo na hata ubongo. Antibaotiki za muda mrefu huongeza hatari, kwa kuwa huua bakteria wanaomzuia fangasi kushamiri.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka Candida albicans na Candida auris katika kundi la kipaumbele cha juu kabisa. Candida auris huweza kudumu juu ya vifaa kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hatibiki kwa flukonazoli.

Wajibu wa mhudumu

1. Anawe kabla na baada ya kumgusa kila mtoto: sabuni na maji tiririka kwa sekunde 40–60, au kitakasa mikono chenye alkoholi kwa sekunde 20–30. Glovu si badala ya kunawa.
2. Aondoe kanula mara isipohitajika tena.
3. Asafishe mizani na kitanda kwa klorini kabla ya kupokea mtoto mwingine.
4. Aandike katika fomu ya rufaa antibaotiki zote alizopewa mtoto.

Wajibu wa mama

Mama anawe kabla ya kunyonyesha au kukamua maziwa, atumie kikombe safi badala ya chupa, na amkumbatie mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Chuchu zikiuma na mtoto ana utando, wote wawili watibiwe kwa pamoja. Utando usikwanguliwe wala kupakwa asali.

Mtoto akikataa kunyonya, joto likipanda au kushuka, tumbo likijaa au akipumua kwa shida, mhudumu aitwe mara moja. Na mama anayemkumbusha mhudumu kunawa hakosi adabu, anamlinda mwanawe.