Je, vipande vingi ni nakala za ziada?

Swali: Jenomu ya Ralstonia, bakteria wa mnyauko wa viazi, ikisomwa, je, sehemu yenye vipande vingi ina nakala za ziada za jeni? (Msomaji, Mgeta)

Jibu: Si lazima. Kompyuta hupanga vipande vya DNA juu ya jenomu rejea na kuvihesabu. Sehemu iliyorudufiwa hupata takriban maradufu. Lakini bakteria anayekua haraka huanza kunakili kromosomu upya kabla ya kumaliza mzunguko uliotangulia, hivyo hesabu huwa kubwa karibu na chanzo cha unakili. Utasema ongezeko hilo hushuka polepole. Ni kweli, ndiyo maana tunalisawazisha kwanza, kisha tunatafuta mruko wa ghafla. Hata mruko hautoshi: vipande vinavyovuka kiungo cha nakala mbili ndivyo huthibitisha.