Dawa za Miti Butembo na Beni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika soko lolote kati ya Butembo na Oicha hukosi kumwona mama aliyetandaza magome, mizizi na mafungu ya majani makavu. Wateja wake ni wengi, kwa sababu gharama za kituo cha afya zinazidi mfuko wa familia nyingi, na kwa sababu elimu ya miti ni urithi mkubwa wa watu wa Grand Nord, yaani kaskazini mwa mkoa wa Kivu Kaskazini, Wanande na Wambuti kwa pamoja. Umbali kati ya miji yetu miwili, Butembo na Beni, unazidi kidogo kilomita 50, lakini ukitoka Butembo yenye baridi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ukateremka hadi joto la Beni, unaikuta mimea mingine kabisa. Utajiri huo uko hatarini. Miti inachunwa hadi inakufa, na baadhi ya wagonjwa wanafia nyumbani wakisubiri majani yafanye kazi ambayo hayawezi kuifanya.

Je, dawa za miti zinaponya kweli, au ni imani tu?

Nyingi zina nguvu ya kweli. Kwinini ilitolewa kwenye gome la kinkina mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Artemisinini, msingi wa vidonge vya malaria tunavyopewa leo, ilitolewa China kwenye mmea wa artemisia, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Mfano wa kwetu ni mubirizi, yale majani machungu ambayo nyumba nyingi za Kivu huyachemsha kwa ajili ya tumbo na minyoo. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa miti wa kabila la Watongwe, walimwona sokwe mgonjwa akimenya shina la mmea huohuo na kunyonya maji yake machungu. Baada ya muda mfupi alipata nafuu. Kalunde hakushangaa, maana kwao ilikuwa dawa tangu zamani. Aliyekudharau kwa kunywa mubirizi hakujua anachosema.

Lakini nguvu ya dawa ndiyo hatari yake. Kinachoweza kuua minyoo kinaweza pia kuumiza ini na figo za mtu kikizidi. Gome halina lebo ya miligramu. Mti mchanga na mti mzee haina nguvu sawa, wala gome la leo si sawa na lile lililokaa gunia miezi minane.

Nina miti ya kinkina shambani. Nikichemsha gome lake, si nitajitibu malaria?

Usifanye hivyo. Kinkina si mti wa asili wa huku. Ulitoka milima ya Andes, Amerika Kusini, ukapandwa Kivu enzi za Wabelgiji. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, mashamba makubwa ya kinkina ya huko yakawa hayafikiki, na kwinini ya Kongo ikazidi kutafutwa. Hadi leo wakulima wa Beni na Lubero wanauza magome hayo, na kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imejulikana miaka mingi kwa kutoa kwinini humo. Kama zao la biashara, mti huu umelisha familia nyingi na kulipa karo za watoto.

Kunywa gome ni jambo jingine. Mbali na kwinini, lina kwinidini inayogusa mapigo ya moyo. Aliyezidisha husikia mlio masikioni, haoni vizuri, hutapika, na moyo unaweza kuvurugika. Aliyepunguza hushusha homa kidogo tu huku vimelea vikibaki damuni. Hata hospitalini kwinini imeacha kuwa dawa ya kwanza. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya mchanganyiko wenye artemisinini, na malaria kali kwa sindano ya artesuneti.

Na chai ya artemisia, ambayo wengi wameipanda nyuma ya nyumba?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na ninaelewa kwa nini. Mmea unaota vizuri, hauna gharama, na ndio uliozaa dawa ya hospitali. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai wala unga wa artemisia kama tiba au kinga ya malaria, kwa sababu kiasi cha artemisinini ndani ya kikombe hubadilika na mara nyingi ni kidogo mno. Dozi ndogo inayorudiwarudiwa huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Usugu wa aina hiyo umekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, majirani tunaovuka mpaka kwenda kwao kila siku. Ukienea huku, vidonge vya mtoto wa jirani yako ndivyo vitakavyoshindwa.

Kwa nini Ebola hutajwa kila tunapozungumza kuhusu waganga wa kienyeji?

Kwa sababu tulilipa bei kubwa. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulianzia upande wa Mangina, ukaingia Beni, Butembo na Katwa, ukatangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Waliofuatilia namna virusi vilivyopita kutoka mtu hadi mtu walikuta njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa vituo vya tradimoderni, vile vinavyochanganya majani, sindano na vidonge katika chumba kimoja. Mtoto alipelekwa kwa homa ya malaria, akalazwa kitanda alichotoka mgonjwa wa Ebola, akadungwa kwa sindano isiyo salama. Akarudi nyumbani na ugonjwa ambao hakwenda nao.

Si haki kuwabebesha waganga lawama yote. Hata vituo vya afya vya kawaida viliambukiza watu, na waganga wenyewe walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa kumpokea kila aliyebisha hodi. Kosa halikuwa kwenye jani. Lilikuwa kwenye mikono isiyooshwa, sindano na vitanda vya kushiriki, na siku zilizopotea kabla mgonjwa hajapimwa.

Siku hizo zina uzito zaidi sasa, maana dawa ipo. Jaribio lililofanyika hapahapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, lilionyesha mwaka 2019 kwamba dawa mbili za kingamwili zinaokoa wagonjwa wengi wakizipata mapema. Moja yake ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa na mkono ndani yake. Hakuna mti wowote unaojulikana kutibu Ebola. Anayekuuzia mti huo anakudanganya.

Ni wakati gani nisiguse kabisa dawa ya miti?

Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usichemshe chochote, mpeleke.

Mama mjamzito asinywe mzizi wala gome ili kuharakisha uchungu, maana kizazi kinaweza kupasuka kwa ndani kama kitakazwa kwa nguvu isiyopimika. Na ile desturi ya kumwingiza mtoto mchanga maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa, kwa kifaa cha mpira, iachwe. Utumbo wake ni laini, na dawa hupita haraka kwenda damuni. Najua bibi wengi waliifanya kwa mapenzi. Iachwe hata hivyo.

Kwa mafua na kikohozi chepesi, mchaichai, tangawizi na asali havina ubaya kwa mtu mzima. Kujifukiza kwa majani ya eukaliptasi, ambayo imejaa vilima vyote vya Butembo, humpa mtu nafuu ya pua, lakini sufuria inayochemka iwe mbali na watoto, kwani huwaunguza. Na ukienda hospitali, mwambie daktari ulichokunywa. Usimfiche. Hakuulizi ili akuaibishe.

Madukani kuna dawa za Kihindi, za Ayurveda. Ni bora kuliko zetu?

Ayurveda ni elimu ya kale ya India, iliyoandikwa vitabuni kwa karne nyingi, na ina vyuo na wizara yake huko. Nguvu yake iko hapo: imeandikwa. Ubora wa chupa iliyo mbele yako ni suala tofauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti, ukakuta takriban moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Chupa isiyoonyesha mtengenezaji, viambato na tarehe usiinunue.

Kuna uhusiano wa karibu zaidi kati ya Ayurveda na misitu yetu ambao wachache wanaujua. Waganga wa India walitumia tangu kale mzizi wa mmea wa raovolfia kwa wagonjwa wa akili na walioumwa na nyoka. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo yake juu ya mzizi huo kwa shinikizo la damu, na mwaka 1952 maabara ya Uswisi ikatoa ndani yake dawa iitwayo reserpini. Mahitaji yakapanda, mmea wa India ukaanza kuadimika, na viwanda vikamgeukia ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, mti mdogo unaoota katika misitu ya Kongo. Mizizi yake ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya. Mzizi ukichimbwa, mti umekufa. Onyo kwa mtumiaji: mzizi huo unaweza kushusha shinikizo la damu kupita kiasi na kumtia mtu huzuni nzito, hivyo usitumike pamoja na vidonge vya presha.

Kwa nini tunakatazwa kuchuna pijeumu ovyo, na mti ni wetu?

Pijeumu, au Prunus africana, ni mti wa misitu ya milimani, na ndio mfano mkubwa wa urithi unaotoka mikononi tukiangalia. Gome lake hutuliza matatizo ya kukojoa kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba. Wazee wa Afrika walilijua hilo zamani, lakini hati ya kumiliki matumizi yake ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1966 na Jacques Debat. Tangu hapo viwanda vya Ulaya vinalitaka gome, na sehemu yake imetoka Kivu Kaskazini.

Gome ndilo linalopitisha chakula kutoka majani kwenda mizizi. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti unakauka ukiwa umesimama. Mchunaji anayejua kazi huchagua mti wenye unene wa zaidi ya sentimita 30, hubandua pande mbili zinazoelekeana, robo ya mzunguko kila upande, huanzia usawa wa kifua hadi chini ya tawi la kwanza, haugusi utando laini wa ndani, kisha huuacha mti miaka mitano au zaidi. Anayelipwa kwa kilo huku akihofia kuvamiwa msituni hana subira hiyo, na simlaumu yeye kabla ya anayempangia bei.

Tangu 1995 mti huu umo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo gome halivuki mpaka kihalali bila kibali. Na ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kusimamiwa na ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, kuchuna mti wowote ni kosa.

Familia moja inaweza kufanya nini?

Kuandika, kwanza. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, vijiji vingi vimekimbiwa, na wazee waliojua kila mti wa bonde lao wanaishi kwa kupanga mjini, mbali na miti hiyo. Mzee akifa huko, anaondoka na elimu yake. India ilikusanya maarifa ya dawa zake katika hazina ya kitaifa, na ilifaulu kuibatilisha nchini Marekani, mwaka 1997, hati ya umiliki juu ya manjano kama dawa ya vidonda kwa kuonyesha maandishi yake ya zamani. Sisi tuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kongo imejiunga nayo, inayotaka wenye maarifa wapewe sehemu ya faida. Haitusaidii bila ushahidi. Mkalishe babu au bibi yako, andika jina la mti kwa Kinande au kwa lugha ya Wambuti, mahali unapoota, sehemu inayotumika na inavyotayarishwa. Kausha tawi lenye maua kati ya magazeti na lipeleke kwa wataalamu wa mimea, kwa mfano kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, walitambue.

Pili, panda. Mbegu ya pijeumu haistahimili kukaa. Okota matunda yaliyoiva, yanapogeuka rangi ya zambarau, osha nyama yote, na uzisie mbegu mara moja kitaluni penye kivuli. Miche ikipata nguvu, ihamishie pembezoni mwa shamba la kahawa au kwenye mpaka wa kiwanja mvua za Septemba zinapoanza. Uichanganye na eukaliptasi zako, usiache kilima kizima kwa mti mmoja. Itakuchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchuna gome la kwanza, kwa hiyo anza msimu huu.