Asali na Mafua ya Majira

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, mvua za masika zikishapita na nyasi zikatoa maua, huonekana watu wameshikwa na chafya zisizokatika, pua zawachuruzika na macho yawawasha, wala hawana homa. Haya si mafua ya kuambukizana. Matabibu huyaita mzio, maana yake mwili kukikataa kitu kisichowadhuru watu wengine, kama vile chavua, nayo ni ule unga mwembamba wa maua, au vumbi la nyumbani. Na imeenea kauli ya kwamba dawa yake ni asali ya nchi ile ile anayokaa mgonjwa, kijiko kila siku. Na wenye kuinena huleta dalili ya Sura An-Nahl, Aya ya 69. Basi na tuitazame kauli hii kwa mambo matatu: maana ya Aya, khabari za waliojaribu, na lipasalo kwa mgonjwa.

JAMBO LA KWANZA: MAANA YA AYA

Aya imetujulisha ya kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu. Hiyo ni haki isiyo shaka. Lakini kila mwanafunzi aliyesoma nahau ajua tafauti baina ya nakira na maarifa. Na neno shifaa katika Aya limekuja nakira, halina alif na lam. Imamu Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 wa Hijra, amenakili katika tafsiri yake kauli ya baadhi ya walioandika juu ya utibabu wa Mtume, ya kwamba lau neno hili lingalikuja kwa alif na lam, asali ingalikuwa dawa ya kila maradhi. Kuja kwake nakira kwaonyesha kuwa yafaa kwa baadhi yake. Na Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeamrishwa amnyweshe ndugu yake asali, ni juu ya maradhi ya tumbo, si ya pua wala ya kifua.

Basi mwenye kusema kuwa Aya imeahidi kuponya mzio kwa asali ameongeza lisilokuwamo. Na madhara ya nyongeza hii ni makubwa. Mtu hununua asali, akaila miezi, asipone; kisha shetani akamtia wasiwasi juu ya Kitabu cha Mola wake. Na hali Kitabu hakikusema hayo. Aliyesema ni muuzaji.

JAMBO LA PILI: KHABARI ZA WALIOJARIBU

Mwaka 1911 tabibu Leonard Noon wa London alieleza namna alivyowapiga wagonjwa sindano za chavua ya nyasi, kidogo kidogo na kwa vipimo, ili miili yao izoee. Watu wakafanya qiyasi, wakasema: asali ina chavua, basi nayo ni kama sindano ile. Lakini qiyasi haisihi ila illa ipatikane pande zote mbili. Chavua iletayo chafya zaidi ni ile nyepesi ichukuliwayo na upepo, kama ya nyasi. Na nyuki zaidi huchukua chavua nzito yenye kunata, ya maua ayaendeayo, kama ya mikoko na mikorosho. Tena kipimo chake ndani ya asali hakijulikani. Na mwenye mzio wa vumbi la nyumbani, litokalo kwa vidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo magodoroni na kustawi penye unyevu kama pwani yetu, hana ndani ya asali hata hicho kidogo cha kumzoeza.

Huko Connecticut, Marekani, walijaribiwa watu 36 kwa mafungu matatu, na khabari yao ikatolewa mwaka 2002. Fungu moja lilikula asali ya nchi yao isiyochujwa wala kupashwa moto. La pili, asali iliyochujwa na kupashwa moto. La tatu, maji matamu ya mahindi yenye ladha ya asali. Haikuonekana tafauti. Malaysia, katika khabari ya mwaka 2013, wagonjwa 40 walipewa vidonge vya mzio, na nusu yao wakaongezewa asali, gramu moja kwa kila kilo ya mwili kila siku kwa wiki 4. Hao wa asali waliendelea kupata nafuu baadaye. Lakini kipimo hicho, kwa mtu wa kilo 60, ni gramu 60 kila siku, wala hawakuacha vidonge. Majaribio ni ya watu wachache, tena hayakuafikiana. Kwa hivyo husemwa: dawa hii haijathubutu.

JAMBO LA TATU: LIPASALO KWA MGONJWA

Kujitibu ni sunna katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Na asali ni halali, ni chakula chema, na hutuliza kikohozi. Mwenye kuipenda na aile, ila ayahifadhi haya:

Kwanza, mwenye pumu asiache dawa aliyopewa na tabibu kwa kutegemea asali. Mzio wa pua na pumu mara nyingi hufuatana, na pumu ikizidi huua. Na kuitia nafsi katika maangamizo ni haramu.

Pili, mtoto asiyetimiza mwaka asirambishwe asali kabisa, kwani huenda ikawa na mbegu za kijidudu kiletacho kupooza kwa watoto wachanga. Na sunna ya tahniki ni tende, tende yatosha.

Tatu, mwenye maradhi ya sukari amuulize tabibu wake kwanza. Na mwenye kuwashwa koo au kuvimba midomo kwa asali aiache.

Nne, muuzaji asiichanganye na maji ya sukari, wala asiiite ya hapa iliyotoka Tabora. Mtume (s.a.w.) amemtoa mwenye kughushi katika walio wake, na mwenye kutibu watu bila ya elimu ana dhamana ya madhara yake.

Na mwenye chafya za vumbi aanike godoro lake juani, afue mashuka kwa maji ya moto, na asafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Jumla ya maneno: tuiamini Aya kama ilivyokuja, tule asali kwa shukrani, na tumwendee tabibu kwa maradhi yetu. Mwenyiezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi ttaufiki.