Huzuni Hudhoofisha Kinga ya Mwili

Ndugu zetu, wengi hudhani kuwa huzuni ni jambo la moyo tu, na mwili hauna fungu ndani yake. Sivyo. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani waliwatia kijeraha kidogo wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopotewa na akili, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Vijeraha vya wauguzaji vilikawia siku 9 zaidi kupona. Dhiki ya siku nyingi huzidisha damuni kitu kiitwacho kortisoli, nacho huwalegeza askari wa mwili.

Twaandika haya Cheptiret, katika Uasin Gishu iliyowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Aliyenyang'anywa nyumba, kidonda chake kisipofunga, huambiwa amerogwa! Apimwe sukari, naam. Lakini aulizwe pia kwa nini halali usiku.