Unauguza Mtoto, Kazi Inakudai: Sheria Inasema Nini?

Mama mwenye mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anaijua ratiba yake. Mkojo unatolewa kwa mpira kila baada ya saa tatu au nne. Kama mtoto amewekewa pia mpira wa kupunguza maji kichwani, homa ikipanda au akianza kutapika ni kukimbilia hospitali, kwa sababu mpira ukiziba mtoto anaweza kufa. Na mama huyo huyo kesho asubuhi anatakiwa kazini. Je, mwajiri anaweza kumwachisha kazi kwa sababu ya kuuguza?

Kwa Tanzania Bara, hapana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa majukumu yake ya kifamilia. Utoro ni jambo jingine. Ukilala wodini siku kadhaa bila kutoa taarifa, unampa mwajiri sababu. Mwandikie, hata kwa ujumbe wa simu, usiufute, kisha umpelekee nakala ya karatasi ya kulazwa.

Ruhusa yenyewe ni finyu. Kifungu cha 34 kinakupa angalau siku nne zenye malipo mtoto wako anapougua, lakini ni siku nne katika mzunguko wa miezi 36, na humo humo zinahesabiwa siku za msiba wa mwenzi, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye. Za ziada ni kwa ridhaa ya mwajiri, bila mshahara. Kwa mtoto wa kliniki kila mwezi, siku nne ndani ya miaka mitatu ni dhuluma, na Bunge linapaswa kuzigusa. Kwa sasa, kaa na mwajiri mpange likizo yako ya mwaka, siku 28, ziendane na tarehe za kliniki au upasuaji, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Ukiachishwa kazi, hesabu siku. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, inapokea lalamiko la kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wengi wanafika wakiwa wamechelewa kwa sababu walikuwa wodini. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, usikate tamaa: omba uongezewe muda na uambatanishe karatasi za hospitali.

Jambo la pili linaumiza zaidi: baba kuondoka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wazazi wote wawili wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na inasema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu anastahili uangalizi maalumu na matibabu. Anayekimbia hakimbii wajibu huo. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Ikishindikana, mahakama inaweza kuamuru atoe matunzo. Mahakama hutazama kipato cha kila mzazi na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo usiende na maneno matupu. Andika kila kitu: mipira ya mkojo, pampasi, dawa, nauli ya bodaboda mpaka kituo cha basi, siku ulizokosa kibarua. Hakimu hawezi kukisia kwamba mtoto wa miaka saba bado anavaa pampasi.

Hospitali ya serikali ikikutajia gharama usizoziweza, usimbebe mtoto ukarudi nyumbani. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, ueleze hali yako na uombe msamaha wa gharama. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji husaidia sana, ni vizuri uwe nayo kabla ya safari.

Usiyemudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakupa haki ya kuomba huduma hiyo bure. Uliza ofisi ya halmashauri ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe, na uende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki na daftari lako la gharama.