Kuuza Kitu Kabla Hakijafika: Somo kwa Wenye Maduka ya Mtandaoni



Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani, kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, kuwaona wenye maduka ya mtandaoni wakionyesha picha za mabuibui na kanzu ambazo bado ziko Dubai au Uturuki, na kuwataka watu walipe mapema. Jambo hili lenyewe si baya. Lakini kila mwaka twasikia malalamiko yale yale: Idi imefika, nguo haikufika, na muuzaji akiulizwa hujibu, "Inshallah kesho." Kwa hivyo tumeona somo letu la leo liwe juu ya hukumu ya biashara hii na namna ya kuiendesha.

Yatupasa tujue kwanza kwamba kulipa mbele kulikuwako tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuyapata. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha wajue kipimo, wajue uzani na wajue muda. Hii ndiyo biashara iitwayo salam. Na kwa upande wa pili, imepokewa kwamba alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho.

Huenda msomaji akauliza: Je, hadithi hizi mbili hazipingani? Wanazuoni wamejibu kuwa hazipingani. Kilichokatazwa ni kuuza kitu maalumu ambacho si chako, kama kanzu ile ile iliyotundikwa katika duka la mtu mwingine. Kwani huna mamlaka nayo, na mwenyewe aweza kukataa kuiuza. Ama katika salam, muuzaji hauzi kitu kile kimoja, bali huuza sifa alizojifunga nazo katika dhima yake. Mzigo wake ukipotea, ni juu yake kutafuta kwingine kanzu yenye sifa zile zile. Basi picha iwe ni maelezo ya sifa tu, na chini yake paandikwe kitambaa, rangi, urefu, upana na mahali pa kupokelea.

Ama muda, haufai kuwa "karibuni" wala "kabla ya Idi", nasi twajua jinsi tunavyohitilafiana juu ya mwezi. Itajwe siku, mathalan tarehe 20 ya Ramadhani, ili mnunuzi abakiwe na nafasi ya kutafuta kwingine akikosa.

Ama bei, katika madhehebu yetu ya Shafi ni sharti thamani yote ikabidhiwe pale pale katika kikao cha mapatano. Jambo hili si zito leo, kwani kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, fedha hufika mara moja. Mwenye kupokea nusu na kuacha nusu hajafanya salam iliyo sahihi. Na arbuni, yaani kishika uchumba cha biashara ambacho mnunuzi akighairi hakirudi, jamhuri ya wanazuoni wameikataa, na Imam Ahmad ameijuzisha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 liliijuzisha ikiwa muda umewekwa, lakini likaitoa salam katika ruhusa hiyo. Asiyetaka kupokea thamani yote basi na aandike majina ya wanaotaka bila ya kuchukua fedha, na auze mzigo ufikapo. Ama nguo inayoshonwa kwa vipimo vya mwenyewe, huo ni mlango wa istisnaa, nao baraza hilo hilo, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliruhusu ulipwe kwa mafungu.

Sasa tuangalie palipo na maradhi yenyewe. Mtu hupokea maagizo 40 ya kanzu kwa shilingi 3,000 kila moja, akawa na shilingi 120,000 mkononi. Huziona kuwa ni faida, akalipa kodi ya nyumba na karo za watoto. Kisha hungoja maagizo mapya ili apate fedha za kununulia yale ya kwanza. Ni kweli kwamba fedha za salam zikishapokewa ni mali ya muuzaji, lakini kanzu 40 zimekuwa deni shingoni mwake. Basi na anunue kwanza, kisha kitakachobaki ndicho chumo lake. Na asipokee maagizo zaidi ya anayoweza kuyatimiza. Kila agizo aliandike katika daftari, na mnunuzi apewe stakabadhi, kwani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni la muda.

Huenda pia ikazuka dharura. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi ziliiacha Bahari ya Sham kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka kusini mwa Afrika, na mizigo ikakawia. Muuzaji hana lawama kwa hayo. Lawama ni kunyamaza. Mara ajuapo kwamba mzigo utachelewa na awaarifu watu wake, na awape hiari: anayetaka kungoja angoje, na anayetaka fedha zake arudishiwe zote bila ya kupunguzwa.

Tumefundishwa kusema "Inshallah" kwa unyenyekevu mbele ya Mola wetu, na sisi tumeifanya kuwa pazia la kufichia uvivu. Mama aliyedunduliza akalipia kanzu ya mwanawe, kisha mtoto akaenda kuswali Idi na nguo kuukuu, hatalaumu meli. Atasema Waislamu hawaaminiki. Na neno hilo likishaenea mjini, hakuna tangazo litakaloliondoa.

Wabillahi tawfiq.