Kufundisha Neno "Stratos" katika Somo la Historia

Tufundishapo habari za Ugiriki ya kale, aghalabu huandika ubaoni kwamba stratos maana yake ni jeshi, kisha tukaendelea mbele. Mwanafunzi hukariri, lakini haelewi. Yafaa tuanzie kwenye asili ya neno lenyewe.

Mzizi wake una maana ya kutandaza. Mwalimu na atandike mkeka mbele ya darasa, kisha aeleze kuwa katika utenzi wa Homer uitwao Iliad, stratos ni kambi: watu na vibanda vyao, wametanda ufukoni kando ya merikebu zao karibu na Troy. Hatimaye maana ikahama kutoka mahali ikawashika watu wenyewe, yaani jeshi. Mshairi Pindar alilitumia hata kwa umma wa raia.

Neno hilo likiungana na agein, yaani kuongoza, hupatikana strategos, kiongozi wa jeshi. Athens ilikuwa na viongozi hao 10, waliochaguliwa kila mwaka kwa kura ya mikono, hali vyeo vingi vingine viligawiwa kwa bahati nasibu. Perikles alichaguliwa mara nyingi.

Hapo ndipo tuwaulize wanafunzi: kwa nini uongozi wa vita haukuachiwa bahati nasibu? Anayejibu kwa hoja amejifunza historia. Anayejua tafsiri peke yake amejifunza neno tu.